Uzi Mwekundu wa Shangazi

Mimi ni mwalimu, na mwalimu akipata jambo jipya hawezi kulikalia. Litamwasha mpaka alimwage. Ndivyo nilivyokuwa miaka ile ya mwisho ya tisini, nikifundisha bayolojia katika shule ya wasichana karibu na Msambweni. Nilikuwa na sauti kubwa kuliko mwili wangu, na imani kwamba hakuna mtu asiyeelewa, ila yuko mwalimu asiyejua kueleza. Imani hiyo ninayo hata leo, lakini siku hizi naishika kwa vidole viwili.

Jambo lenyewe lililetwa na ndugu yangu. Alikuwa akisafisha vyumba katika hoteli moja ya Diani, na wageni walipoondoka waliacha kila kitu ambacho hakikuingia kwenye masanduku: mafuta ya kujipaka juani, ndara za mguu mmoja, vitabu vilivyovimba kwa maji ya bahari. Wenzake waligawana mafuta. Yeye alichukua chochote chenye maandishi, akaniletea siku yake ya mapumziko na kukitua mezani. "Chakula chako hicho," husema. Mwaka ule baada ya mvua za El Nino, hoteli zikiwa nusu tupu, aliniletea jarida nene la sayansi. Mgeni mwenyewe alikuwa amelisomea ufukweni, kwani kila ukurasa nilioufungua ulimwaga mchanga kidogo mapajani mwangu.

Nililisoma majuma mawili, kamusi mkono mmoja na mwiko mkono wa pili. Kurasa nyingi zilinishinda, sioni haya kusema. Lakini kulikuwa na makala moja iliyoninasa. Ilihusu protini ambayo wataalamu wanaiita p53, jina lisilo na utamu wowote kwa kitu kitamu kama kile.

Niieleze kama nilivyoieleza wakati ule. Mwili wetu ni seli, na seli ikitaka kugawanyika iwe mbili, hunakili kwanza maandishi yake ya urithi. Katika kunakili hukosea. Mara nyingine ni jua, mara nyingine moshi, mara nyingine bahati mbaya tu. Kosa likinakiliwa na kunakiliwa tena, likaongezewa na mengine, seli hufikia kusahau kuacha kugawanyika, na hiyo ndiyo saratani. Sasa protini ile ni mlinzi. Ina uwezo wa kuisimamisha seli yenye kosa mpaka irekebishwe, na isiporekebishika, kuiamuru ijiue yenyewe kabla haijaharibu jirani zake.

Hayo ya mlinzi niliyasikia chuoni. Jipya lilikuwa hili: mlinzi huyo, siku za kawaida, hana nguvu. Anatengenezwa na kuvunjwa, anatengenezwa na kuvunjwa, kwa kuwa iko protini nyingine kazi yake ni kumkamata na kumpeleka akavunjwe. Kosa linapotokea, yanakuja mambo madogo mno, kipande cha fosfeti hapa, kikundi cha asetili pale, atomi chache za kuhesabika, yanabandikwa mahali maalumu kwenye mwili wa mlinzi. Fosfeti ikishabandikwa, yule mkamataji hamshiki tena sawasawa. Asetili ikishabandikwa, mlinzi anayashika vizuri maandishi ya urithi na kuziamsha jeni za kusimamisha kazi. Protini ni ile ile. Imefungwa kitu kidogo tu, ikawa nyingine.

Niliposoma hapo nilikuwa nimesimama jikoni, na wali wangu wa nazi ukashika chini mpaka ukanuka moshi. Sikujali. Nilicheka peke yangu kama mwenye wazimu. Kitu kile nilikuwa nikikiona tangu utotoni, uani kwa shangazi.

Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyenilea tangu nilipokuwa na miaka sita, mama yangu alipofariki. Uani kwake, kila siku baada ya sala ya adhuhuri, walikutana wanawake watano kusuka ukili, ule utepe mrefu wa majani ya mkindu unaoshonwa ukawa mkeka. Mikeka yao midogo kila mtu alisuka kwake. Uani walikuja kwa majamvi makubwa, ya harusi na ya msikiti, na huko ukili ulikuwa mmoja: huyu anaanza, akichoka anauacha, mwenzake anapokea pale pale. Mwezi mzima ukili unakua, wanauzungusha duara kama nyoka aliyelala.

Na ukili una tabia mbaya. Ukiruka jani moja tu, kosa halikai pale lilipofanyika. Linatembea. Kila anayepokea anafuata alichokikuta, na kosa linasukwa tena na tena, pima hata pima, mpaka siku ya kushona ndipo kingo zinakataa kukutana.

Kwa hiyo uani palikuwa na sheria moja, na shangazi aliisimamia kuliko hakimu. Ukiona kosa la mwenzako, husemi. Unakwenda kwenye kopo la maziwa lililoning'inia ukutani, unatoa uzi mwekundu, unaufunga pale kwenye kosa. Basi. Ukili ukishafungwa uzi, hakuna ruhusa ya kuongeza hata jani moja mpaka jicho jingine lilitazame kosa na lirekebishwe. Na aliyefunga ndiye afunguaye, si mwingine. Ukiuliza kwa nini wasiseme tu, shangazi alijibu kwamba maneno ya uani huzaa ugomvi, uzi hauna ulimi. Wengine waliamini sheria hiyo ilitoka kwa bibi yake, upande wa Kinango. Hakuna aliyewahi kumuuliza, maana shangazi alikuwa na macho ya kumfanya mtu ajibu swali lake mwenyewe.

Uzi ule haurekebishi kitu. Ni uzi tu. Lakini ukili uliofungwa si ukili uleule. Ndicho nilichokiona kwenye jarida.

Nilifundisha kidato cha tatu somo hilo kwa ukili wa kweli na uzi wa kweli, nje kabisa ya mtaala, na wasichana wale waliokuwa wakisinzia tangu asubuhi walinyanyuka vitini. Mmoja akaniuliza, "Mwalimu, na hatari ikiisha, uzi si utabaki?" Nikamkumbatia. Nikawaambia kwamba mwilini pia alama hizo huondolewa, maana zikibaki milele seli haitagawanyika tena, na kidonda hakitapona. Ila hapo mfano wangu unachechemea kidogo, kwa kuwa mwilini anayebandika siye anayebandua. Niliporudi nyumbani jioni ile nilikuwa na furaha ya kijinga, ile ya mtu anayedhani amepatana na dunia.

Juma lililofuata nilikwenda kumpima shangazi nguo. Ramadhani ilikuwa haiko mbali, na nilikuwa nimeahidi kumshonea nguo ya Idi. Nilipompitisha utepe kifuani alishtuka, akausukuma mkono wangu.

"Umeumia, shangazi?"

"Pima huko ulikopimia."

"Nimeuliza, umeumia?"

Akasema kama anayetaja kuku aliyepotea, "Nina kokoto hapa. Tangu Idi ya kuchinja. Halinili, silili. Pima nguo."

Mama yangu alikufa kwa ugonjwa wa ziwa, saratani ya titi. Sikumbuki mengi: harufu ya dawa, mlango uliofungwa, shangazi akinibeba mgongoni hali nilikuwa mkubwa wa kutembea. Lakini hadithi naijua, maana ilisimuliwa uani kwa sauti ya chini miaka yote. Mama alipelekwa hospitali, akapasuliwa, na mwezi haukuisha. Kutokana na hayo nyumba yetu nzima iliamini kwamba uvimbe ukilala, uache ulale, kwani ukiguswa na chuma huamka. Nilipokua na kusoma nikajua kwamba chuma hakikumuua mama. Alifikishwa akiwa amechelewa. Lakini kujua kwangu kulikuwa kwenye daftari, na imani ya shangazi ilikuwa kaburini, na kaburi huwa na uzito kuliko daftari.

Nikamwambia twende hospitali kesho yake. Akasema hapana. Nikamwambia usipoziba ufa utajenga ukuta. Akasema methali hizo alinifundisha yeye. Nikamwambia mficha maradhi kifo humuumbua. Akacheka, akaniambia nenda kapike.

Basi nikafanya kile nilichokijua. Nilimfundisha.

Nilikaa naye chini siku nzima ya Jumamosi na jarida langu lenye mchanga, nikamweleza seli, na maandishi, na kosa linalotembea, na mlinzi, na vile vitu vidogo vinavyomfunga mlinzi akapata nguvu. Shangazi alikuwa mwanafunzi bora kuliko wote niliowahi kuwapata. Aliacha kuchana majani. Aliuliza mlinzi huyo yuko kila mahali, hata kidoleni? Nikasema hata kidoleni. Aliuliza nani anayemfunga. Nikasema viko vimeng'enya maalumu vinavyotumwa kosa likionekana. Akasema, "Subhanallah." Aliuliza tena kama watu wa zamani walikuwa naye. Nikasema hata Adamu. Nilikuwa nang'aa kama sufuria ya harusi.

Nilipomaliza, akaniwekea mkono begani.

"Mwanangu, Mwenyezi Mungu akuzidishie elimu. Umenitua mzigo."

"Kwa hiyo Jumatatu twende?"

"Twende wapi? Si umesema mlinzi yumo ndani? Mungu ameshamweka, na vya kumfunga ameweka. Mimi ni nani nimwendee mlinzi wa Mungu na kisu? Namwachia kazi yake."

Maisha yangu yote sijawahi kueleweka vizuri namna ile, na sijawahi kushindwa vibaya namna ile.

Na halikuishia hapo. Jumatatu nilikuta uani pote pamejaa walinzi. Shangazi alikuwa amewafundisha wenzake, na alifundisha vizuri kuliko mimi, kwani hakutia Kiingereza. Jirani mmoja aliyekuwa na kidonda cha mguu aliacha kwenda zahanati, akatangaza kwamba mlinzi wake yu macho. Mwingine, aliyekohoa, aliambiwa na wenzake ampe mlinzi nafasi. Nilikasirika. Nikawaambia kwa sauti ya darasani kwamba mlinzi naye huharibika, kwamba katika saratani nyingi ni yeye aliyeharibika, au alama zake hazikubandikwa, na kosa likapita mbele yake. Wakanisikiliza kwa adabu.

"Wangu hajaharibika," shangazi akasema.

"Umejuaje?"

"Na wewe umejuaje kwamba ameharibika?"

Hakuna jibu bila daktari, na daktari ndiye niliyekuwa nikimtaka.

Majuma matatu nilisema. Niliomba, niligombeza, nilimtuma ndugu yangu aseme kwa upole wake wa hoteli, ule wa kumwambia mgeni kwamba maji ya moto hakuna na mgeni akashukuru. Naye alirudi amepewa embe mbili na hapana. Nililia pia, silifichi hilo. Nilimpenda yule mwanamke kwa namna ya mtu aliyeachiwa mama mmoja tu, na niliogopa. Nilimtazama akiinuka kuchukua maji na kujiuliza ni mangapi yametembea ndani yake tangu Idi, pima hata pima.

"Umesema sana," ndugu yangu aliniambia siku ile ya embe, akimenya lake. "Tangu lini uani kwa shangazi mtu akaona kosa akasema?"

Alikuwa anatania tu. Aliendelea kula embe lake. Mimi lakini nilikaa pale na lile neno. Nilikuwa nimemfundisha mtu sheria yake mwenyewe majuma matatu, na mwenyewe nikaivunja kila siku. Tena nilifundisha nusu. Nilimsifu mlinzi nikaipita alama mbio, hali makala nzima ilikuwa juu ya alama. Mlinzi bila kufungwa hupita mbele ya kosa na kuvunjwa kama jana. Kinachosimamisha kazi ni kale kadogo, na kale kadogo lazima kabandikwe.

Siku ya pili yake, baada ya adhuhuri, nilikwenda uani. Walikuwa watano wote, wakimalizia ukili wa jamvi la msikiti kwa ajili ya Ramadhani, na ukili ulikuwa mikononi mwa shangazi. Nikatoa shikamoo, nikaitikiwa marahaba. Sikukaa. Nilikwenda kwenye kopo, nikakata uzi, nikapiga goti mbele ya shangazi, nikamfunga kwenye kifundo cha mkono. Mafundo mawili. Sikusema neno.

Shangazi aliutazama mkono wake, kisha akanitazama mimi.

"Umenifunga mimi? Kama ukili?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Nilihofia nikifungua mdomo nitaanza tena kufundisha.

Nilidhani atauvuta uzi ukatike. Angeweza, ni uzi wa kushonea tu, hata mtoto angeukata. Lakini aliyeanza hakuwa yeye. Jirani mwenye kidonda aliweka chini majani aliyokuwa akichana, akapangusa mikono. Kisha wa pili, kisha wa tatu. Wote wakaacha kazi. Hawakuambizana. Palipofungwa pamefungwa, na ndivyo shangazi mwenyewe alivyowalea kwa miaka zaidi ya ishirini. Jamvi la msikiti likasimama.

Shangazi aliwatazama mmoja mmoja, hasira ikimpanda na kumshuka. Mwishowe akauweka ukili pembeni polepole, akainuka, akaingia ndani. Sisi tulikaa. Alipotoka alikuwa amevaa buibui.

"Nani atakayetazama?" akauliza.

"Daktari, shangazi."

"Basi na atazame. Lakini jamvi likichelewa, imamu utamjibu wewe."

Hospitalini tulipokewa na muuguzi kijana, msichana wa bara, mchangamfu, aliyekuja pwani kikazi na Kiswahili chake cha mbio. "Sasa mathe, ingia tu hapa, toa hiyo nguo ya juu," akasema, na tayari alikuwa amegeukia makaratasi yake.

Shangazi hakusogea. "Mwanangu, kwenu hakuna shikamoo?"

Msichana akageuka, akashika mdomo, akacheka. "Ai, pole sana mama. Shikamoo."

"Marahaba. Sasa nitavua."

Daktari alikuwa mwanamke pia, na hilo nilimshukuru Mungu. Alimgusa shangazi taratibu akimweleza kila anachofanya, kisha akasema anataka kuvuta tone kutoka kwenye uvimbe kwa sindano, lipelekwe Mombasa likatazamwe kwa hadubini. Nikaona shangazi anakaza taya. Chuma kilikuwa kimefika.

"Nionyeshe," akasema.

Daktari akamwonyesha. Shangazi akaisogelea ile sindano nyembamba, akaikazia macho muda mrefu. Maisha yake yote ameshona mikeka kwa shazia, sindano ndefu kama kidole, nene ya kutoboa gunia.

"Hii?" akasema. "Hii ndiyo imetunyima usingizi? Shazia yangu ingeimeza."

Akalala kitandani mwenyewe. Alinishika mkono lakini, na alinishika kwa nguvu, na ule uzi ukanikwaruza kidogo kwenye ngozi. Ilikwisha kabla sijamaliza kusoma Fatiha. Alipoinuka alimuuliza daktari anaitwaje na kwao wapi, na kama mama yake yu hai, kisha akamwombea dua. Daktari, Mkristo mwenye msalaba mdogo shingoni, akaitikia amina.

Majibu yalichukua majuma matatu. Sisemi uongo, yalikuwa majuma mazuri. Ukili ulining'inia msumarini na hakuna aliyeugusa, lakini wanawake waliendelea kuja kila siku baada ya adhuhuri, mikono mitupu. Wasiokuwa na kazi mikononi huongea mengine kabisa. Walielezana ndoto, walifundishana nyimbo za harusi zilizokuwa zikipotea, walinisengenya mbele yangu. Yule wa kidonda alirudi zahanati bila mtu kumwambia. Yule wa kikohozi akamfuata. Shangazi alitawadha na uzi wake, akiusogeza juu maji yapite, akaswali nao, akapika nao. Ukapauka kutoka nyekundu hadi rangi ya ufizi. Mgeni akimuuliza ni wa nini, alijibu, "Nimefungwa na mwalimu," na watu wakadhani ni utani.

Mimi niliogopa kila siku, hasa asubuhi nikiandika ubaoni, mkono unaandika na akili iko Mombasa. Lakini hofu ile haikuwa ya upweke tena. Ilikuwa imekalishwa uani katikati ya watu sita.

Tulikwenda kuchukua majibu siku chache kabla ya mwezi kuandama. Daktari alifungua bahasha mbele yetu na kusoma kwanza kimya, na nikamchukia kwa sekunde hizo tatu. Kisha akatabasamu. Si saratani. Ni uvimbe usio na madhara, ila awe anajiangalia, na arudi baada ya miezi sita. Shangazi akasema, "Alhamdulillahi," akamuuliza kama yule muuguzi wa shikamoo yupo, na binti alipokuja akampa embe tatu.

Uani walikuwa wakingoja. Hakukuwa na haja ya kusema, walituona tu tunavyotembea, na vigelegele vikaanza kabla hatujafika mlangoni. Shangazi akaketi mahali pake. Mtu akautungua ukili, akamletea. Hakuupokea. Alininyooshea mkono.

"Aliyefunga ndiye afunguaye."

Nikapiga goti. Mafundo yale mawili yalikuwa yamelowa na kukauka, yamelowa na kukauka, mpaka yakawa jiwe. Kucha zangu hazikuyaweza. Nikainama kuyang'ata kwa meno, na hapo kichwa changu kikiwa mapajani mwake, wenzake wakipigiana kelele za furaha, akaniambia kwa sauti ambayo mimi tu niliisikia:

"Kokoto la mama yako nililiona."

Nikataka kuinua kichwa. Akakizuia kwa mkono wa pili.

"Mwaka mzima kabla. Tulikuwa tukioga pamoja kisimani, nikaliona kwenye ziwa. Nikaona haya. Wifi yangu, nitaanzaje? Nikasema nitangoja aseme mwenyewe. Kumbe naye alikuwa akingoja nimuulize. Nilipompeleka hospitali palikuwa hapana kitu cha kuokoa." Akakaza mkono kichwani mwangu. "Ilipopita arubaini yake, nilikwenda Ukunda nikanunua uzi. Nikasema uani kwangu, mtu akikosa neno, asikose kitu cha kufunga."

Machozi yangu yaliuloanisha uzi, na nadhani hayo ndiyo yaliyoulegeza, maana ulifunguka. Mkononi mwake pakabaki alama nyeupe. Nilikaa pale na kile kipande cha uzi mdomoni, mwanamke mzima, mwalimu wa watu.

Shangazi akauvuta ukili, akatafuta mahali walipoachia, akachukua jani. Kisha akanisukuma kidogo kwa goti, akaniambia nisogee, namzibia mwanga.